Siri ya hospitali za Norway si mashine

Kila nikipiga simu nyumbani Tanzania naulizwa hospitali za Norway zina mashine gani. Swali hili limenichosha. Huduma ya watoto wachanga tunayoisifia huku ina mizizi kwa mama king'ang'anizi na chupa za mkojo.

Borgny Egeland alikuwa na watoto wawili, Liv na Dag. Walizaliwa wazima, kisha akili zikadumaa, na mikojo yao ikawa na harufu ya ajabu. Alizunguka kwa madaktari miaka kadhaa bila kupata jibu. (Ndiyo, hata Ulaya.) Mwaka 1934 kesi yake ikamfikia Asbjørn Følling, mtoto wa shamba aliyesomea kemia Trondheim kabla ya udaktari. Akatia kloridi ya feri, kemikali yenye chuma, kwenye mkojo, kipimo cha kawaida enzi hizo kwa wenye kisukari. Ukageuka kijani! Akaagiza watoto waachishwe dawa zote, isije ikawa dawa ndiyo inayomchezea. Kijani kikabaki. Akaomba mkojo zaidi, lita kwa lita, hadi akaibaini asidi ya fenilipiruviki, kemikali iliyokuwa ikigeuza mkojo kijani. Kisha akapima watu 430 waliokuwa kwenye vituo vya wenye ulemavu wa akili, akawapata 8 wenye tatizo lilelile.

Liv na Dag hawakupona. Lishe ya kuwatibu wenye ugonjwa wao, fenilketonuria (mwili kushindwa kuvunja sehemu moja ya protini, ikarundikana na kuharibu ubongo), ilikuja miaka ya 1950. Leo kila mtoto huku hutobolewa kisigino kutolewa tone la damu siku chache baada ya kuzaliwa, na mwenye ugonjwa huo huanzishiwa lishe kabla ubongo haujaharibika. Anakua, anasoma, anaoa.

Mtaniambia ugonjwa huo kwetu ni nadra. Kweli. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, je? Tone lilelile la kisigino huibaini, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Anayejulikana mapema hupewa penisilini na chanjo, na mzazi hufundishwa dalili za hatari. Asiyejulikana ataitwa mtoto wa kuuguaugua, jirani atatajwa kwa uchawi, na akifa tutasema malaria.

Nesi mwenye foleni hadi nje ya geti simlaumu. Wataalamu tunao, na majaribio ya kupima wachanga yameshafanyika Dar es Salaam na Mwanza. Basi kabla ya kununua mashine nyingine ya kukatiwa utepe, kipimo cha selimundu kiingizwe kwenye kadi ya kliniki, kila wilaya, bure kama chanjo.