Bei ya Mnada si Ushahidi wa Uhalisi

Wapo wanaoshikilia kwamba mnada wa hadhara ndio mwamuzi bora wa vitu vya kale, kwa kuwa wanunuzi wanaoshindana kwa fedha zao wenyewe huchunguza kwa makini kuliko mtu anayetoa maoni ya bure. Kuhusu thamani, nakubaliana nao. Kosa huanza pale bei inapogeuzwa kuwa ushahidi wa uhalisi.

Mwaka 1958 mchoro wa Salvator Mundi uliuzwa London kwa pauni 45 ukihesabiwa kuwa kazi ya mfuasi wa Leonardo da Vinci. Mwaka 2017 kampuni ya mnada ya Christie's iliuuza New York kwa dola milioni 450.3 kama kazi ya Leonardo mwenyewe, ingawa hadi leo wataalamu hawajakubaliana ni sehemu gani ya mchoro huo, uliokarabatiwa sana, iliyotoka mkononi mwake.

Jicho la fundi mzoefu lina nafasi yake. Akiletewa kabati linalosemekana ni la miaka ya 1700, huchomoa droo na kuigeuza, kwa sababu upande wa chini ndio ambao mghushi huusahau: msumeno wa mkono huacha alama zilizonyooka, ilhali msumeno wa duara, ulioenea karne ya 19, huacha alama zilizopinda. Hata hivyo, samani mpya zinaweza kuundwa kwa mbao za zamani, alama zake zikiwemo.

Maabara nayo hukanusha kwa uhakika kuliko inavyothibitisha. Wolfgang Beltracchi, mghushi wa michoro aliyehukumiwa Köln, Ujerumani, mwaka 2011, alinaswa baada ya rangi nyeupe ya titani kukutwa kwenye mchoro uliodaiwa kuwa wa 1914, kabla rangi hiyo haijaanza kuuzwa madukani. Mchoro huo ulikuwa umeshapita mnadani mwaka 2006 kwa karibu euro milioni 2.9, na ushindani wote ule wa wanunuzi haukumfichua. Angetumia rangi ya zama zile, kipimo hicho kisingemgusa.

Kwa hiyo naipa uzito zaidi historia ya umiliki, yaani nani alikuwa nacho, lini, na kwa hati gani. Hati pia hughushiwa, ni kweli, lakini kila hati humpa mchunguzi jina na tarehe za kufuatilia. Madalali hulipwa kamisheni inayokua kadiri bei inavyopanda, hivyo ni haki katalogi zao zichapishe hata miaka ambayo mmiliki hajulikani, ili mnunuzi aione kabla ya kutaja dau.