Fimbo Isiyofika Kichwani

Juzi mpwa wangu alinipa simu yake huku anacheka. "Mjomba, watazame Wamisri wanavyotiana magongo harusini!" Wanaume wawili wenye kanzu pana na vilemba walikuwa wanazungukana, fimbo ndefu zinapita juu ya vichwa vyao, watu wamefanya duara. Sauti ilikuwa imezimwa.

Nilikasirika, na nilimjibu kwa ukali kuliko alivyostahili, maana si yeye peke yake. Nimewasikia watu wazima wenye elimu zao wakiiita tahtib, mchezo wa fimbo wa Misri ya kusini, fujo za washamba. Lakini huyu ni kijana wa Lamu! Kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, amekiona tangu akibebwa mgongoni. Kila Maulidi anawaona wazee wakiingia uwanjani na bakora, zumari inalia, na hajawahi kusema kwamba wazee wa Lamu wanapigana.

Nilisoma Kairo, na huko ndiko nilikojifunza jinsi Wamisri wenyewe wanavyomcheka Msaidi, mtu wa kusini. Kwenye vichekesho vyao yeye ndiye mzito wa kuelewa, mkaidi, mtu wa visasi. Nilicheka nao mpaka mwaka niliopanda treni kwenda Luxor kwenye maulidi ya walii Abu Haggag, ambaye msikiti wake umejengwa ndani ya hekalu la kale. Nilisimama kwenye duara la tahtib jioni nzima, na tangu siku hiyo vichekesho vile vilinishinda.

Wawili wanaingia, wanasalimiana. Mizmar zinaanza, na masikio ya mtu wa pwani hayahitaji kuambiwa kwamba hizo ni zumari. Ngoma kubwa, tabl baladi, inagonga chini yake. Kila mmoja anaizungusha fimbo yake, inazidi mita moja, anapiga hatua kwa mapigo ya ngoma, anampima mwenzake. Shabaha ni kichwa. Mmoja anashusha, mwingine anakinga, mti unalia juu ya mti. Halafu mwanya unaonekana, upande wa kilemba uko wazi kabisa, fimbo inakuja kwa kasi ya kupasua fuvu, na inasimama. Inasimama hewani, karibu na kilemba, na duara zima linapiga kelele kwa sababu kila mtu ameona. Aliyeachiwa anajua ameachiwa. Hakuna damu, hakuna uvimbe, na mshindi hana ubishi.

Hili ndilo ninalotaka watu walielewe. Kumpiga mtu kwa fimbo hakuhitaji ufundi, hata mlevi anaweza. Kuileta fimbo kwa nguvu zako zote, mbele ya ukoo wako na ukoo wake, ngoma inakupandisha damu, kisha mkono ukakutii ukasimama, hiyo ni kazi ya miaka. Mzee mmoja niliyemwona pale alicheza na kijana anayeweza kuwa mjukuu wake. Mara tatu alikiona kichwa cha yule kijana na mara tatu akaizuia fimbo. Ya nne alimpa mwanya mwenyewe, akakiacha kichwa chake wazi, ili kijana naye apate. Kijana akazuia vilevile, akaubusu mkono wa mzee. Katika nchi ya watu wanaosemwa kwamba kisasi ndiyo dini yao, wanawafundisha watoto kuizuia fimbo hadharani. Anayeona fujo hapo hajatazama.

Na wala si jambo la jana. Ukivuka Nile kutoka Luxor ukaenda Medinet Habu, kwenye hekalu la Ramses wa Tatu, wacheza fimbo wamechongwa ukutani pamoja na wapiga mieleka, zaidi ya miaka 3,000 sasa. Mwaka 2016 UNESCO nayo ikaiingiza tahtib kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Sawa, ingawa Wasaidi hawakuhitaji ruhusa ya mtu.

Asaya ya wanawake, ile ngoma ya fimbo nyepesi na nyonga, ina uzuri wake na heshima yake. Ni jamaa ya tahtib, si tahtib.

Jukwaa nalo limesaidia, hilo nalikubali kwa shingo upande. Mahmoud Reda, mcheza ngoma wa Misri, na kundi lake la jukwaani, kuanzia 1959, waliwafanya watu wa mijini walipigie makofi vazi la Msaidi na fimbo yake. Kinachoniuma ni ile tahtib ya kwenye meli za watalii, dakika tano kabla ya chakula, wachezaji wanagonganisha fimbo kwa hesabu waliyopangiwa. Hakuna mwanya wa kutafuta, kwa hiyo hakuna wa kuachiwa.

Nilimwambia mpwa wangu afungue sauti na aanze video upya. Zumari ilipolia aliinua uso akanitazama. Aliangalia mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akaisimamisha pale fimbo iliposimama juu ya kilemba.

"Mjomba, huyu alikuwa amempata. Mbona hakumpiga?"

Nikamwambia airudishe tena, amtazame yule mwingine usoni.