Mshahara wa tarehe 25 na fedha ya bamvua

Huku Sweden mshahara huingia tarehe 25 ya mwezi. Ikiangukia Jumapili, fedha hutangulia Ijumaa. Nilipofika Malmö miaka tisa iliyopita jambo hili lilinishangaza kuliko theluji, kwa sababu nimelelewa Kiuyu, kaskazini mwa Pemba, na fedha ya nyumbani kwetu ilifuata mwezi wa mbinguni. Likija bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakatoka mbali, mama na wenzake hushuka baharini na kamba zao za kulimia mwani. Yakirudi maji mafu, yasiyotoka mbali, hubaki nyumbani wakisuka ukili. Mwani hutaka wiki sita hivi kukomaa, na kilo saba au nane za mbichi zikianikwa hubaki kilo moja. Ikinyesha juu ya ule ulioanikwa, hasara ni ya mama. Mwani ukiugua ukageuka mweupe na kukatikakatika, hasara ni ya mama.

Mwezi wa pili mwaka huu mwanangu mdogo alishikwa na homa siku nne. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Asubuhi nilimpigia msimamizi, nikajaza taarifa kwenye simu, nikarudi kumkanda mtoto. Siku hizo nililipwa na bima ya wazazi, karibu asilimia 80 ya mshahara wangu. Siku ya tatu akakaa baba yake, mimi nikaenda kazini. Wiki ileile mdogo wangu kule Kiuyu naye alikuwa na mtoto wa homa, na lilikuwa bamvua. Hakuwa na wa kumwachia. Bamvua likampita, kamba hazikufungwa, na ulipofika wakati wa kuvuna hakuwa na cha kupeleka mzanini kwa mnunuzi. Homa moja, fedha ya mwezi na nusu.

Nikisimulia haya kwa simu, ndugu zangu hunijibu kwamba Wazungu ni matajiri. Ni kweli, lakini jibu hilo linafunga mlango mapema mno. Wanawake wa hapa hawakuzaliwa na tarehe 25 mkononi. Kabla ya 1971 kipato cha mke kilijumlishwa na cha mume wakati wa kukata kodi, kwa hiyo mke akifanya kazi, kodi ilikula sehemu kubwa ya alichopata, na wengi waliona heri kukaa nyumbani. Mwaka huo kila mtu akaanza kutozwa peke yake. Mwaka 1974 likizo ya mama ikageuzwa likizo ya wazazi wote wawili. Leo ni siku 480 kwa kila mtoto, na 90 kati ya hizo ni za kila mzazi, hawezi kumpa mwenzake; baba asipozichukua zinapotea. Mwaka 2002 ada ya chekechea ikawekewa kikomo. Kila hatua ilikuwa sheria na bajeti, na nyuma yake kuna watu waliouliza: kanuni hii inamwangukia nani?

Swali hilo ndilo ninalolitafuta katika uchumi wetu wa buluu, yaani uchumi wa bahari, kule Zanzibar. Chukua suala la kina kirefu. Maji ya pwani yamekuwa ya moto, na cottonii, ule mwani wenye bei nzuri, hufa ukipandwa kwenye maji mafupi. Wataalamu wanashauri upandwe mbali, na serikali imegawa maboti kwa wavuvi na kwa wakulima wa mwani. Vizuri. Lakini wakulima wengi wa mwani Zanzibar ni wanawake, na mama yangu, aliyekaa baharini miaka thelathini, hajui kuogelea. Wala si yeye peke yake. Ukipeleka boti bila kumfundisha mwanamke kuogelea na kuiendesha, umeihamisha fedha yake kwa mwanamme, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya kikundi. Mafunzo ya kuogelea yaandikwe katika bajeti ileile ya boti.

Hata hivyo linaloniumiza zaidi ni la mzani. Kwa miaka mingi utaratibu umekuwa hivi: kampuni inampa mkulima kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, naye anamuuzia kampuni hiyo kwa bei iliyopangwa. Mnunuzi ana nguvu zote za mwajiri, ila hana mzigo wa mwajiri. Mama hana likizo ya uzazi wala mchango wa uzeeni. Akikanyaga samaki taa mwenye mwiba akalala wiki mbili, hakuna anayedaiwa chochote. Kwenye karatasi yeye ni mfanyabiashara. Tunampa mikopo ili ajikwamue, nami sina ubaya na mkopo, lakini mkopo unadaiwa hata ile wiki mtoto ana homa.

Mama sasa ana miaka 59 na mgongo umekataa. Pensheni Jamii, ile ya serikali ya Zanzibar kwa wazee, iliyoanza 2016, tunaishukuru. Si kila nchi ya Afrika inampa mzee haki hiyo bila kumuuliza alichangia nini. Lakini inaanza miaka 70. Kati ya mgongo wake na pensheni hiyo ipo miaka kumi na moja, na hiyo naibeba mimi kutoka Malmö.

ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, inao mpango wa hiari kwa waliojiajiri. Ombi langu ni kwamba mchango ukatwe pale mzanini, kidogo kwa kila kilo, na mnunuzi atoe sehemu yake kwa sheria, kama mwajiri yeyote. Kitabu cha mzani kipo tayari. Mfuko huo ukishasimama, uanze na mambo mawili: uzazi na ugonjwa. Na vijiji vya mwani viwe na mahali pa kuachia watoto panapofunguliwa kwa saa za maji, maana skuli ya maandalizi haijui bamvua.

Sweden nayo ina madoa yake. Kazi yangu imejaa wanawake na inalipa kidogo kuliko kazi nyingi za wanaume. Wanaofanya nusu siku kwa ajili ya watoto huja kugundua uzeeni kwamba pensheni yao ni ndogo. Wapo wazee ninaowahudumia ambao wanahesabu sarafu. Kwa hiyo mfuko wa mwani ukianzishwa, miezi ya kulea ihesabiwe kama miezi ya kazi tangu siku ya kwanza.

Mimi nimeamua kumlipia mdogo wangu mchango wa hiari kila tarehe 25. Jirani yake, ambaye vijiti vya shamba lake vinapakana na vyake, ana watoto watano na hana mtu Ulaya.