Siku ya Familia Healesville: Tufuate Saa za Wanyama

Familia nyingi za Waswahili wanaoishi Melbourne, ziwe zimetoka Kenya, Tanzania, Burundi au Kongo, zinapotaka kuwapeleka watoto kuona wanyama huelekea kwanza kwenye bustani kubwa ya mjini yenye simba na twiga. Bustani hiyo ni nzuri, na sioni ubaya wa mtoto kumwona twiga. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba mtoto anayekulia Australia anastahili kuwajua mapema wanyama wa nchi anayoikanyaga kila siku, na kwa mkazi wa Melbourne sijui mahali bora pa kuanzia kuliko Hifadhi ya Healesville. Naamini pia kwamba siku ya namna hiyo hufana pale mzazi anapoipanga kwa kufuata saa za wanyama wenyewe, akachagua wachache wa kuwatazama kwa utulivu, badala ya kuwakimbiza watoto kutoka ua hadi ua ili ramani yote imalizike.

Hifadhi hiyo ipo Badger Creek, katika bonde la mto Yarra, takribani kilomita 65 kutoka katikati ya jiji. Inasimamiwa na Zoos Victoria, taasisi ya bustani za wanyama ya jimbo la Victoria, na wanyama wake ni wa asili ya Australia. Ardhi yenyewe ni ya Wawurundjeri, watu wa asili wa eneo hilo, na ilimegwa kutoka Coranderrk, makazi ya watu wa asili yaliyoanzishwa mwaka 1863, ambako walilima na kufuga hadi wakajitegemea kwa sehemu kubwa. Serikali ilipotaka kuwaondoa walikataa, wakapeleka malalamiko yao Melbourne chini ya viongozi kama William Barak, mpaka bunge la Victoria likafanya uchunguzi mwaka 1881. Pamoja na hayo Coranderrk ilifungwa mwaka 1924. Kipande chake kilikuwa kimekwisha kupewa mtaalamu wa anatomia Colin MacKenzie kwa ajili ya utafiti wa wanyama, na mwaka 1934 hifadhi ikafunguliwa kwa umma. Mzazi aielezee habari hii garini kabla ya kufika. Wapo miongoni mwetu waliokuja Australia kama wakimbizi, na watoto wao wamekwisha kusikia nyumbani jinsi watu wanavyoondolewa kwenye ardhi yao; wataielewa Coranderrk bila maelezo marefu.

Sasa tuje kwenye saa. Wanyama wengi wa Australia huamka jioni, hutembea usiku, na kulala mchana kutwa. Familia inayotoka nyumbani saa nne, ikafika karibu na adhuhuri baada ya kusimama njiani kununua vinywaji, itawakuta kangaruu wamejilaza kivulini na wombati, wale wanyama wanene wenye miguu mifupi, wamejificha mashimoni, na watoto watalalamika kwamba hakuna kitu cha kuona. Lango hufunguliwa saa tatu asubuhi. Anayefika wakati huo huwakuta kangaruu wakiwa bado wanakula nyasi, ndege wakipiga kelele juu ya mikaratusi, na walezi wakiwa katika kazi zao za asubuhi. Kwa maoni yangu saa mbili za kwanza zina thamani kuliko muda wote unaofuata, na inafaa zitumike kwa wanyama wa nje peke yao.

Ukikaa kimya mbele ya kangaruu jike, tazama tumbo lake. Kitoto cha kangaruu huzaliwa kikiwa na ukubwa usiozidi punje ya haragwe, kipofu na bila manyoya, kisha hupanda chenyewe kwa mikono ya mbele hadi ndani ya mfuko, kikang'ata chuchu na kukaa hapo kwa miezi. Kuanzia Septemba hadi Novemba, majira ya joto yanapokaribia, mara nyingi utaona mguu mrefu au sikio likichomoza mfukoni, na pengine kichwa kizima kikitafuna nyasi zile zile anazotafuna mama. Mtoto wa miaka minne anaweza kutazama jambo hilo kwa nusu saa bila kuchoka, endapo mtu mzima aliye naye hamvuti mkono waende kwingine. Mtu asimpe kangaruu mkate wala chapati, kwa maana vyakula laini vya namna hiyo huchangia ugonjwa wa taya ambao humwua kangaruu polepole na kwa maumivu. Wakubwa ndio wanaohitaji kuambiwa hili zaidi kuliko watoto.

Jua linapopanda, wakati wa kuingia ndani umefika, na ndani yupo mnyama ambaye kwa ajili yake peke yake safari ingetosha. Platipusi huwekwa katika jumba la giza, ambamo mwanga hupangwa ili mchana wetu uwe usiku wake. Waambie watoto wasubiri mlangoni hadi macho yazoee giza, kwani anayeingia kwa haraka haoni chochote na hutoka akidhani tangi ni tupu. Kisha kivuli cha kahawia, kidogo kuliko paka, hupita nyuma ya kioo kikiogelea kwa miguu ya mbele, huku domo pana likipekua changarawe upande huu na upande ule. Akiwa chini ya maji, platipusi hufunga macho, masikio na pua. Anachotumia kutafuta mawindo ni domo lenyewe, linalohisi umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya wadudu na kamba wadogo. Hujaza mashavu, hupanda juu, na hapo ndipo hutafuna, ingawa mkubwa hana meno. Jike hutaga mayai na bado hunyonyesha, maziwa yakitoka kwenye ngozi kwa kuwa hana chuchu, na dume ana mwiba wenye sumu katika miguu ya nyuma. Ngozi ya mnyama huyu ilipofika Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, wataalamu walishuku kwamba kuna mtu aliyeshona domo la bata kwenye mwili wa mnyama mwingine.

Healesville ina haki ya kujivunia platipusi. Mwaka 1943, chini ya David Fleay aliyekuwa mkurugenzi, hapo ndipo platipusi alipozaliwa na kulelewa katika kifungo kwa mara ya kwanza duniani, na ilipita zaidi ya miaka 50 kabla jambo hilo halijarudiwa. Mtoto akiuliza kwa nini hawaonekani katika bustani za Ulaya au Afrika, jibu ni kwamba kumtunza ni kazi ngumu mno, na Australia haimtoi ovyo. Nje ya nchi hiyo, ni bustani ya San Diego huko Marekani iliyowapokea mwaka 2019.

Koala ana suala lake, kwa sababu familia nyingi huja na picha kichwani: mtoto amembeba koala kifuani, kila mtu anatabasamu. Katika jimbo la Victoria jambo hilo haliruhusiwi, na mzazi aseme mapema ili mtoto asivunjike moyo langoni. Mimi naiunga mkono sheria hiyo kabisa. Koala hula majani ya mikaratusi, chakula chenye sumu na lishe duni, na ili mwili uweze kukimeng'enya hulala hadi saa 20 kwa siku. Kumpitisha mikononi mwa wageni ni kumnyima pumziko ambalo maisha yake yanalitegemea. Queensland bado inaruhusu kwa masharti, lakini hata hifadhi ya Lone Pine mjini Brisbane, iliyofunguliwa mwaka 1927 na kujulikana duniani kwa picha za namna hiyo, iliacha kuwabebesha wageni koala mwaka 2024. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2022 koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu Canberra walitangazwa kuwa hatarini kutoweka. Ndiyo maana nashauri mtoto afundishwe kufurahia kumtazama koala aliyelala, apewe penseli na karatasi amchore, kwani hakuna mnyama anayetulia kama yeye.

Lipo jambo ambalo baadhi ya wazazi hulikwepa, nalo ni kuzungumza na watoto juu ya kutoweka. Naona si haki kuwaficha. Kule kwenye ua wa shetani wa Tasmania, yule mnyama mweusi mwenye kifua cheupe na mlio wa kutisha, mweleze mtoto kwamba mwaka 1996 uligunduliwa uvimbe wa usoni unaoambukizwa wanapong'atana, na kwamba ugonjwa huo umefyeka sehemu kubwa ya wenzake kisiwani kwao. Healesville ni miongoni mwa sehemu zinazowazalisha wazima mbali na ugonjwa, ili jamii yao isipotee. Mwambie pia juu ya yule mnyama mwenye mistari mgongoni, chui-mbwa wa Tasmania kama wengine wanavyomwita, ambaye wa mwisho anayejulikana alikufa katika bustani ya Hobart tarehe 7 Septemba 1936. Fleay, yule yule wa platipusi, alikuwa amempiga picha za filamu mnyama wa aina hiyo mwaka 1933, na picha hizo zipo hadi leo. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuyapokea haya, na mara nyingi maswali yake huwa mazuri kuliko yetu.

Kwa sababu hiyo hiyo ningemtaka kila mzazi atenge muda wa hospitali ya wanyamapori iliyo ndani ya hifadhi. Huletwa humo wanyama waliogongwa na magari, walionasa kwenye waya au walioungua, na mgeni anaweza kuwatazama madaktari wakifanya kazi nyuma ya kioo. Siku nyingine utakuta pochi ya kitambaa imelazwa mezani, ndani yake mna mtoto wa kangaruu aliyefiwa na mama, na daktari anamsikiliza mapigo ya moyo kwa kipimo. Siku nyingine chumba ni kitupu. Mgeni hana la kufanya ila kupita tena baadaye. Wapo watoto wetu wengi wanaoambiwa kila siku wasome wawe madaktari au wauguzi, na hapo wataona kwamba hata udaktari wa wanyama ni kazi ya heshima.

Mambo ya gharama na chakula hayahitaji maneno mengi. Mwishoni mwa juma, sikukuu za umma na likizo za shule, watoto wa chini ya miaka 16 wamekuwa wakiingia bure, nafuu kubwa kwa familia yenye watoto watano au sita. Mzazi athibitishe utaratibu na saa za maonyesho ya ndege kwenye tovuti ya hifadhi kabla ya kuondoka. Chakula tubebe cha nyumbani: pilau kwenye hotipoti, sambusa, matunda, chai kwenye chupa. Wakati wa kula, mtu mmoja awe mlinzi wa meza, kwa sababu kukabara, ndege mwenye domo nene na kicheko kinachosikika mbali, hushuka ghafla na kunyakua nyama mkononi mwa mtoto. Asiye na gari anaweza kupanda treni hadi Lilydale na kuendelea kwa basi, ila aangalie ratiba ya kurudi mapema, maana mabasi ya huko si mengi.

Majira yana uzito zaidi. Joto la Januari na Februari linaweza kupita nyuzi 40, na bonde hilo liko katika eneo la moto wa misitu. Mwezi Februari 2009, moto ulioua watu 173 katika jimbo la Victoria ulipowaka, baadhi ya wanyama adimu wa Healesville ilibidi wahamishwe. Siku za tahadhari kubwa ya moto mtu abaki nyumbani, hata kama watoto watalia. Kwa wazee wetu, hasa bibi au babu aliyekuja kutembea kutoka nyumbani, Aprili na Mei ni miezi ya upole: hewa ni baridi kiasi na wanyama huonekana mchana kuliko wakati wa joto. Bibi akimwona ekidna na miiba yake atamfananisha na nungunungu wa shambani kwake, na hapo mjukuu apewe nafasi ya kumweleza kwamba huyu hutaga yai, ni ndugu wa platipusi, na ulimi wake mrefu hulamba mchwa. Mjukuu anayesoma mambo hayo shuleni kwa Kiingereza apate siku ya kuyaeleza kwa Kiswahili mbele ya bibi yake.

Kuhusu kurudi, nasihi familia iondoke kabla giza halijaanza kuingia. Jioni ndipo kangaruu na wombati wa porini wanapotoka kula kando ya barabara za bonde hilo, na dereva aliyechoka hana muda wa kufunga breki. Aendeshe polepole, taa zikiwa zimewashwa, na asipindishe usukani kwa nguvu kumkwepa mnyama hadi akaingia njia ya gari jingine. Akimkuta mnyama amegongwa, na mahali pakiwa salama kusimama, apige simu kwa Wildlife Victoria, shirika linalopokea taarifa za wanyamapori walioumia usiku na mchana, aeleze mahali alipo na kama mnyama ni jike, kwa kuwa mama anaweza kuwa amekufa na mtoto bado yu hai mfukoni. Wombati mfuko wake umefunguka kwa nyuma, hivyo anayechungulia kwa mbele anaweza kudhani hakuna kitu. Namba ya simu ya shirika hilo ihifadhiwe kwenye simu ya dereva kabla ya kuondoka nyumbani asubuhi.