Red Hat walikosea 2020, sio 2023

Watu wa seva wakianza kuisema Red Hat, kampuni inayoishi kwa kuuza Linux (mfumo endeshi huria) kwa makampuni, lazima ifike ile ya Juni 2023, pale kampuni iliposema msimbo (source code) wa RHEL, Linux yao ya kulipia, hautawekwa tena hadharani, asiye mteja achukue ule wa CentOS Stream, toleo la wazi linalotangulia RHEL inayofuata. Wasaliti, wezi, IBM imewaharibu, na kadhalika. Mi naona hasira ni halali ila tukio silo.

Tuanzie kwenye biashara yenyewe. Marc Ewing alikuwa na Linux yake, Bob Young alikuwa anauza bidhaa za Linux kwa katalogi, 1995 wakaungana wakawa wanauza sidii kwenye maboksi. 1999 wakaingia soko la hisa, bei ikapaa siku ileile. Lakini sidii ya programu huria yeyote anaikopi, utaishi kwa hiyo hadi lini? Ndo maana 2003 wakaachana na maboksi wakabaki na RHEL: programu ni huria, unacholipia ni sapoti na apdeti za miaka mingi. Sio wao waliogundua, kampuni ya Cygnus walikuwa wanauza sapoti ya GCC, programu huria ya kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, tangu 1989, na Red Hat hao hao wakaja kuwanunua. Ila hakuna aliyefika mbali kama wao, mwaka wa fedha wa 2012 mapato yalivuka dola bilioni 1.

Sasa, toka 2004 kulikuwa na CentOS, watu wa kujitolea wakichukua msimbo wa RHEL, wakitoa nembo, wakiujenga upya, ulikuwa unapata kitu kilekile bila kulipa. 2014 Red Hat wakawachukua ndani, kila mtu akafurahi. IBM wakainunua Red Hat kwa dola bilioni 34, dili likafungwa Julai 2019. Desemba 2020 linatoka tangazo kwamba CentOS 8, iliyotoka 2019 na watu wakijua itapata apdeti hadi 2029, inakatwa mwisho wa 2021. Miaka minane imefutwa kwa tangazo moja! Hapo hamna cha kutetea. Baadaye walitoa RHEL ya bure hadi mashine 16, sawa, ila mtu mwenye seva mia tatu ameshahamishia robo yake CentOS 8 unamwambia nini?

Ya 2023 ni nyingine kabisa. GPL, leseni huria ya kerneli ya Linux (kiini cha mfumo), inasema uliyempa programu mpe na msimbo, haisemi umpe dunia nzima, na mteja wa Red Hat bado anapata. Afu tuwe wakweli, kuchukua rekebisho la kerneli mpya ukalipachika kwenye kerneli ya miaka kadhaa nyuma bila kuvunja kitu ni kazi ya kuchosha sana na wahandisi wanalipwa kuifanya, halafu mshindani wao Oracle tangu 2006 anachukua matokeo anauza sapoti yake kwa bei ya chini. Ningekuwa mimi ningechukia pia.

Upande wa pili, wanaoilaumu Red Hat kwa 2023, wana hoja moja nzito, nayo ni mkataba wa wateja. Ukisambaza ule msimbo Red Hat wanaweza kukukatia usajili. Wao wanasema haki yako ya GPL unayo, sisi tunachagua tu nani wa kufanya naye biashara. Kisheria inaweza kusimama, lakini haki ambayo ukiitumia unafukuzwa ni haki ya namna gani? Na hiyo kerneli yenyewe imeandikwa na maelfu ya watu, wengi hawajawahi kulipwa na Red Hat hata senti.

Kwa vitendo wamezuia kidogo sana lakini. Rocky na Alma ni Linux za bure zilizokuja kuziba pengo la CentOS. Rocky walitangaza kwamba watachukua msimbo kupitia picha za kontena (vifurushi vya programu vilivyo tayari kuendeshwa) zinazotolewa bure na mashine za klaudi za kulipia kwa saa. Alma wao wakaacha kabisa kuwa kopi kamili, wakabaki na lengo kwamba programu iliyojengwa kwa RHEL iendelee kufanya kazi kwao, na sa hivi wakikuta hitilafu wanairekebisha bila kusubiri Red Hat waanze, kitu ambacho CentOS ya zamani haikuwahi kuthubutu.