Hizi wati za kwenye boksi zinatuumiza

Kinachonikera madukani Kariakoo ni wati zinazoandikwa kwenye maboksi ya sabufa na amplifaya. Una hela yako ya mawazo, unataka kujua kama ya kawaida inatosha au ujikamue uchukue ya bei juu, halafu boksi linakwambia "PMPO 12,000W". Geuza chombo, soma kibandiko cha nyuma karibu na waya wa umeme: wati 60! Kinachovuta wati 60 ukutani kitatoa wapi 12,000 mfululizo? PMPO ni kilele cha kufumba na kufumbua, tena kila kiwanda kinajipimia kivyake. Namba ya maana ni RMS, yaani wati ambazo chombo kinaweza kutoa mfululizo, na hiyo mara nyingi haipo, au imeandikwa kwa viherufi vya kutafuta kwa tochi.

Ukimuuliza muuzaji RMS, anaongeza sauti mpaka vioo vinatetemeka. Kaka, nimeuliza namba, sijaomba kelele!

Hata kwa wati za kweli, kutoka 80 kwenda 100 ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1 tu hivi, sikio halishtuki. Nyongeza hiyo ya bei heri iende kwenye spika nzuri. Na RMS iandikwe mbele ya boksi, kwa herufi kubwa.