Maji Yana Daftari, Mimi Sina

Mara ya mwisho kupimwa presha sikumbuki. Nikilalamika kichwa kinauma naambiwa nikalale, kitapoa chenyewe. Lakini maji ya tangi la kufugia matumbawe na samaki pale sebuleni! Yana daftari la jalada gumu lenye safu za tarehe, joto, chumvi, pH, alkaliniti, kalsiamu, magnesiamu, nitreti na fosfeti. Mtoto akiomba daftari la hesabu anaambiwa ageuze la zamani, aandikie nyuma.

Na msidhani tangi la maji chumvi unanunua leo, kesho unatazama samaki. Kwanza unafuga bakteria. Wiki nne, wiki sita, wakati mwingine zaidi, una tangi lenye mawe, mchanga na taa ya kifahari, halafu ndani hakiogelei kitu. Mgeni anauliza samaki wako wapi, unamjibu tunasubiri amonia ishuke. Anakutazama, anamtazama mama watoto, kisha anauliza kwa upole kama kazini kuna matatizo.

Ukweli ndio huo lakini. Uchafu unatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja wanaila na kuacha nitriti, nayo sumu. Kundi lingine linaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo angalau ina huruma. Mpaka amonia na nitriti zisome sifuri, samaki haruhusiwi kuingia. Mimi nilipohamia nyumba hii hakuna aliyepima chochote.

Haya, samaki kaingia. Umemaliza? Thubutu. Sasa inakuja chumvi, ambayo inatakiwa ikae gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Jua likiwaka, feni ikizunguka, maji yanapaa ila chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku unaongeza maji baridi, si ya chumvi. Mama watoto hilo hajalikubali hadi leo: "Bahari gani hiyo unaiongeza maji yasiyo na chumvi?" Tena si maji ya bomba, hayo yana klorini na fosfeti na pengine shaba, na shaba kidogo tu inamaliza konokono wote. Ni maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu. Mtambo wa kuchuja unamwaga mengi kuliko unayokupa, na yale machache yanakaa kwenye ndoo niliyoiandika USIGUSE kwa wino usiofutika. Juzi nimeikuta ina soksi zimelowekwa.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki hawakuwa na tangi. Mimi nayazoa kila Jumamosi kwa dekio.

Lakini kinachonizeesha hasa ni rangi. Upimaji wa nitreti, kwa mfano, uko hivi: unavuta mililita kadhaa za maji kwa bomba la sindano, unatia kwenye kichupa, unaongeza kijiko kidogo cha unga, matone kadhaa, unafunika, unatikisa dakika nzima huku mkono unauma, unasubiri. Kisha unaweka kichupa juu ya kadi na kulinganisha. Kadi ina pinki. Halafu pinki. Halafu pinki nyingine, ambayo mwenye kiwanda anaapa si zile mbili za kwanza. Na usithubutu kutazama chini ya taa ya tangi, maana ni ya buluu na kila kitu kinakuwa zambarau. Lazima uende dirishani kabla jua halijazama.

Basi dirishani naitisha baraza. Mkubwa anasema nitreti ni 5. Mdogo anasema 25, kwa sababu hiyo ndiyo rangi anayoipenda. Mama watoto anasema hiyo si pinki, ni waridi iliyopauka. Mimi nilikulia mahali penye rangi tano na tulitosheka. Naandika 10, tunasonga mbele.

Alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, haina kadi, ina mateso yake. Unadondosha tone moja moja mpaka buluu igeuke pinki ghafla, kisha unasoma kwenye bomba la sindano umetumia kiasi gani. Ndio wakati ambao mtu lazima aulize rimoti iko wapi.

Ukishapata namba, unatafuta ushauri. Unaambiwa alkaliniti iwe 8 au 9 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu kati ya 400 na 450, magnesiamu 1,300 hivi, kwa sababu matumbawe yanajenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati, na magnesiamu inazuia hivyo viwili visishikane vyenyewe na kuganda kwenye pampu. Vizuri, nimeelewa. Sentensi inayofuata: "Lakini usikimbize namba." Jamani! Umenipa namba tano, halafu unaniambia nisizikimbize? Eti alkaliniti ya 7.5 iliyotulia ni bora kuliko kuirusha hadi 9 usiku mmoja. Maji haya yana makuu kuliko mkwe: yakikosewa yananuna, yakibembelezwa haraka yananuna zaidi.

Fosfeti ndiyo ilinitia hasira. Nikahangaika mpaka ikasoma sifuri. Nikatarajia pongezi. Wapi! Sifuri nayo ni mbaya, matumbawe yanapauka kwa njaa na vijidudu vya utelezi wa kahawia vinatwaa mchanga. Kumbe maji safi kupita kiasi ni kosa, na machafu ni kosa.

pH ndiyo pekee ninayoipenda. Mchana inapanda, kwa kuwa vijimwani vilivyomo ndani ya matumbawe vinatumia kabonidayoksaidi, gesi inayotia maji uchachu na kushusha pH, kujitengenezea chakula; usiku inashuka. Na inashuka pia watu wakijaa chumbani madirisha yamefungwa, kwa ajili ya pumzi zao. Someni tena hapo. Mashemeji wakikaa kutazama mpira hadi saa sita za usiku, nina sababu ya kisayansi ya kufungua mlango na kuwaonyesha njia. Daftari lipo, tarehe zipo.

Leo ni zamu ya kalsiamu. Kwa vifaa vyangu, hii inatoka pinki kwenda buluu, kinyume kabisa cha alkaliniti, sijui nani alikaa kitako akapanga hivyo. Jua linazama, kichupa ninacho mkononi, na baraza langu la rangi limegoma kuja dirishani. Linadai posho.